Biskuti za Pipi za Orpha

Mimi si mtu wa kustaajabu ovyo. Nimezaliwa Struthers, Ohio, enzi ambazo viwanda vya chuma kando ya mto vilitema moto usiku kucha na mbingu yetu ikawa nyekundu tangu Januari hadi Desemba, nami nililala fofofo chini yake. Viwanda vikafungwa, mji ukasinyaa, mume wangu akafa. Nilimzika, nikarudi nyumbani, nikachemsha kahawa. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Juni iliyopita, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa letu, nilisimama mdomo wazi mbele ya meza ya biskuti, mjue siongezi chumvi.

Aliyesababisha yote ni wifi yangu Orpha, mjane wa kaka yangu Stefan. Orpha hakuzaliwa kwetu. Kaka alimtoa milima ya West Virginia akamleta siku ya Pasaka, binti mwembamba kama ufito, hajui hata neno moja la Kislovakia, hajui kukunja mkate wetu mtamu wenye kokwa za jozi ndani, na wanawake wa ukoo wakampima kuanzia unywele hadi kisigino. Kwetu harusi ni meza ya biskuti. Keki ipo, inakatwa, inapigwa picha, lakini mgeni akirudi kwao haulizwi keki ilikuwaje. Anaulizwa meza ilikuwaje. Wanawake huoka wiki nzima, kila mmoja na biskuti yake, na biskuti ya mwanamke ni yake kama jina lake lilivyo lake. Binamu yangu Gizela, anayetawala meza za ukoo wetu tangu mama yake alipochoka, ana vipembe vya krimu. Mimi nina vibahasha vya jemu. Kuoka biskuti ya mwenzako kwa ajili ya harusi, ilhali mwenyewe yu hai, ni sawa na kuvaa gauni lake bila kumwambia. Sijawahi kusikia aliyefanya hivyo.

Harusi ya kwanza ambayo Orpha aliiokea, wenzake walileta vitu vilivyowagharimu siku mbili na machozi. Yeye alileta biskuti za siagi ya karanga zilizochanganywa na pipi za dukani. Pipi! Vile vidonge vya chokoleti vya rangirangi ambavyo watoto huvigombania, pamoja na vikombe vidogo vya chokoleti vyenye karanga ndani, vimekatwakatwa kwa kisu na kutupwa kwenye donge la unga. Mama yangu alisonya. Halafu akala moja.  Akala ya pili, na kabla muziki haujaanza alikuwa amenituma nikamfichie kadhaa kwenye mkoba wake. Tangu siku ile sijaona harusi yetu ambayo sahani ya Orpha haikuwa ya kwanza kubaki tupu. Lakini kumsifu? Nani amsifu? Sisi hatusifiani. Kwetu chakula kikiwa kizuri watu wanakula, kikiwa kibaya ndipo wanasema.

Februari Orpha alipata kiharusi. Alipona, kwa maana kwamba alitoka hospitali akitembea kwa fimbo na kufoka kama kawaida yake, ila mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani na upande mmoja wa mdomo ukawa haucheki tena. Na Juni hiyo mjukuu wake, Marissa, alikuwa anaolewa. Orpha ndiye aliyemlea Marissa tangu hajaota meno, mama yake alipofariki. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, na wakibishana barabara nzima inajua.

Jumanne ya wiki ya harusi nilikwenda kwake tuchague gauni. Nilimkuta jikoni, amekaa anaitazama oveni iliyozimwa.

"Wifi, inuka tukajaribu gauni."

"Gauni la nini?"

"La harusi, la nini tena? Au unataka uende na hilo lenye doa la supu?"

"Siendi."

Nilidhani ni utani. Mimi na Orpha hatujawahi kusemezana bila kuchokozana. "Huendi wapi, we mwanamke? Mjukuu wako anaolewa Jumamosi."

"Najua anaolewa lini. Nitamwombea nikiwa hapa hapa."

"Orpha, usinitie wazimu asubuhi yote hii."

"Niingie pale na nini, Bernadette?" Alinigeukia. "Hebu niambie. Kila mwanamke anaingia na sinia, mimi niingie na fimbo? Wanipishe njia, waniwekee kiti, 'kaa hapa bibi, pole bibi'? Siwezi. Tangu nije mji huu nimeingia mlango ule na sinia mbele. Ndiyo ruhusa yangu ile."

"Ruhusa gani? We si wa ukoo wa Hudak kama sisi?"

"Wewe ndiye Hudak. Mimi ni mleta biskuti."

 Nikajaribu njia nyingine. "Basi tuoke. Sasa hivi, jikoni kwako. We kaa hapo uniamrishe, mimi niwe mkono wako. Kuamrisha si unapenda?"

"Mkono wako ukioka, biskuti ni zako. Mimi sifanyiwi, Bernadette. Sijawahi kufanyiwa na sitaanza leo. Nenda zako, jemu yako inakungoja."

Niliondoka nimefura, na chini ya hasira ile nina hofu. Namjua Orpha. Akisema siendi, hata kaka yangu alipokuwa hai alikuwa anakwenda mwenyewe.

Mchana uleule Marissa akaja kwangu, macho yamemvimba.

"Bibi Berna, ameniambia mwenyewe. Eti niolewe vizuri, atanisubiri nyumbani nimletee picha."

"Atakuja."

"Hatakuja. Unamjua." Akajitupa kwenye kiti. "Basi na mimi siingii kanisani. Kama hayupo, siingii. Nitasimama nje na gauni langu mpaka wageni wachoke. Nimeshamwambia Colby."

"Colby kasemaje?"

"Kasema atasimama na mimi."

Nilianza kumpenda yule bwana harusi hapo hapo, ingawa ametoka Oregon na kahawa anaitia maziwa yaliyokamuliwa kwenye shayiri. Nikamwambia Marissa anawe uso, suala hilo aniachie mimi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango. Sikuwa na mpango wowote.

Mpango ulikuja nilipokuwa naosha vikombe. Kama kwenye meza kungekuwa na sahani moja tu ya biskuti za karanga na pipi, ningeweza kwenda kwake Jumamosi asubuhi nikamwambia: sahani yako imeshafika, inakungoja wewe. Ni wizi, nilijua. Gizela ni jirani yangu pia, na anaona jikoni kwangu kutoka dirishani kwake, kwa hiyo Jumatano nilishusha mapazia mchana kweupe, nikafunga na mlango wa nyuma.

Nikapiga siagi na siagi ya karanga pamoja mpaka zikawa nyepesi. Nikaongeza sukari nyeupe na ya kahawia, yai, vanila, kisha unga na magadi na chumvi kidogo. Mpaka hapo nilijiona fundi. Nikakata pipi, nikazichanganya, nikaviringisha vidonge, nikavibonyeza kwa uma huku na huku kama anavyofanya yeye. Nyumba nzima ikanukia karanga za kukaanga, na mimi nikaanza kuimba. Oveni ilipofunguka niliacha kuimba. Biskuti zilikuwa bapa, zimeungana zote kuwa kipande kimoja, chokoleti imechuruzika na kuungua pembeni, na rangi za zile pipi zimevuja zikawa kama chupi zilizofuliwa pamoja.

Awamu ya pili niliongeza unga. Zilitoka ngumu, moja ilidondoka sakafuni na paka akakimbia. Awamu ya tatu niligandisha pipi kwanza kwenye friji, nikaona nafuu kidogo. Alhamisi nikaanza upya. Na kadiri nilivyoharibu ndivyo nilivyozidi kumwona Orpha mbele yangu. Sijawahi kumwona akipima kitu. Alikuwa anaingiza mkono kwenye bakuli, anakoroga, halafu ghafla anasimama hivyohivyo na mkono ndani, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza mtu anayeongea chumba cha pili. Kisha anasema "haya," na pipi zinaingia. Nilikuwa naona tu anapumzika. Sasa nikajua kwamba kulikuwa na dakika fulani, fupi mno, ambapo donge lile liko tayari, na kabla yake bado na baada yake basi, na mwanamke yule aliikamata dakika hiyo kila mara, maisha yake yote, jikoni mwenye oveni iliyoinama upande mmoja. Zake zilikuwa zinapasuka juu, katikati laini, pipi nzima nzima zinang'aa, na ukishamaliza utamu ndipo chumvi inakuja taratibu. Nilikaa kwenye kiti, viganja vimejaa siagi, nikastaajabu. Jambo kubwa hivyo lilikuwa linafanyika barabara ya tatu kutoka kwangu na mimi nilikuwa nalila tu.

Ijumaa jioni nilikuwa na sinia moja la kuonekana mbele za watu, kwa shida. Siagi ilikuwa imekwisha, nguvu pia, na vibahasha vyangu vya jemu sikuwa nimevigusa. Nikajiambia haidhuru. Meza ya Gizela huwa na aina tele, nani ataulizia jemu?

Jumamosi asubuhi ukumbi ulikuwa tayari. Meza zimeunganishwa ukuta hadi ukuta, zimetandikwa vitambaa vyeupe, na Gizela amesimama katikati na aproni yake iliyopigwa pasi. Sinia zetu huingia zimefunikwa karatasi ya alumini, na hakuna anayefunua mpaka Gizela aseme.

"Vibahasha weka pale kati," akaniambia.

"Nitaweka huku pembeni."

"Kwa nini pembeni?"

"Kati kuna joto."

Siku nyingine angenirukia. Siku ile alisema "sawa" na kuangalia kwingine. Wanawake wakaendelea kuingia, mmoja mmoja, kila mmoja anaweka sinia lake na kurudi nyuma. Kwa kawaida asubuhi kama ile ukumbi unakuwa soko: mara nani kanyoa nywele, mara nani kanenepa. Siku ile kimya. Watu wanatazama viatu vyao. Harufu ya karanga ilikuwa nzito kiasi kwamba nilisogea mbali na sinia langu ili nisishukiwe, lakini kila nilikosogea, harufu ipo. Mtu pekee aliyekuwa na raha ni Zuzana, shangazi yetu mkongwe kuliko wote, ambaye masikio yamemwacha siku nyingi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake na mikate yake ya jozi mapajani, anatabasamu.

"Haya," Gizela akasema. "Fungueni."

Karatasi zikachakarika kutoka upande huu hadi ule. 

Sijui niwaelezeje. Meza nzima ilikuwa biskuti za karanga na pipi. Meza nzima! Kubwa kama visahani, ndogo kama sarafu, zilizoungua, zilizopauka, zilizovimba, zilizolala, za mviringo na zisizojulikana ni umbo gani. Zenye alama za uma na zenye alama za vidole. Na juu yake nyekundu, kijani, njano, buluu, kahawia, pipi kwa mamia zinametameta chini ya taa za ukumbi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Hapakuwa na kipembe hata kimoja. Hapakuwa na kibahasha. Kitu pekee cha aina nyingine kilikuwa mikate ya jozi ya Zuzana, ambaye aliinua shingo, akatazama meza yote kwa utulivu, akauliza kwa sauti ya viziwi:

"Kwani leo ni harusi ya Orpha?"

Gizela alikuwa ameshika kichwa. "Nani kawatuma? Nauliza, nani kawatuma?"

"Na wewe nani kakutuma?" nikamwuliza, maana sinia lake lilikuwa mbele yake na lilikuwa na biskuti zilezile.

"Mimi nilisema iwepo sahani moja tu! Isikosekane! Nikajua nyinyi mtaleta za kwenu!"

"Na sisi tulijua wewe utaleta vipembe!"

"Siagi iliniishia!"

"Hata mimi!"

"Mimi niliwaambia watoto ni mafua, wasiingie jikoni!"

Wakaanza kupayuka wote kwa pamoja. Upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kutoka mwisho mwingine wa nchi kuona meza yetu, na meza yetu ilikuwa ya aina moja, tena mbovu. Gizela aliketi, akasema jina la ukoo wetu limekwisha, watalisema mpaka Pittsburgh. Mimi sikuwa nasikia vizuri. Nilikuwa nimesimama mdomo wazi. Nilikuwa naona mapazia. Mji mzima, nyumba hii na ile, mapazia yameshushwa mchana, na nyuma ya kila pazia mwanamke mmoja mwenye unga puani anajaribu kukumbuka biskuti ya Orpha kwa ulimi tu, anaharibu, anaanza tena, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.  Hawa ni watu ninaowajua tangu kuzaliwa, watu ambao wakikukumbatia wanakupiga mgongoni kama wanaua mbu, na sikujua wana upendo mwingi kiasi hicho, wala walikokuwa wameuficha.

"Bernadette!" Gizela akanishtua. "Nenda kamlete."

"Hatakuja. Nimeshambembeleza."

"Usimbembeleze. Mwambie tumeharibu."

Nilimkuta Orpha barazani kwake, na gauni lilelile la doa la supu. Sikuteremka garini.

"Sikuja kukubembeleza," nikamwambia dirishani. "Nimekuja kukupa habari. Meza ya Marissa imeharibika."

"Imeharibikaje?"

"Wote wameleta kitu kimoja."

"Wajinga. Kitu gani?"

"Cha kwako."

 Shingo yake ikaanza kuwa nyekundu. "Cha kwangu? Nani kawapa ruhusa? Nani kawafundisha?"

"Hakuna aliyetufundisha, ndiyo maana ziko vile. Yangu imekimbiza paka."

"Pipi mmeziweka kabla au baada ya unga?"

"Kila mtu na alivyojua."

"Mungu wangu," akasema Orpha, akatafuta fimbo yake. "Siendi harusini, unanisikia? Naenda kuona huo ujinga, halafu unanirudisha."

Njia nzima alifoka. Alimfokea Gizela kwa jina, akanifokea mimi, akamfokea marehemu kaka yangu kwa kumwoa katikati ya watu wasio na akili. Tulipofika alikataa kushikwa, akashuka ngazi za ukumbi mwenyewe, mkono wa kushoto kwenye chuma cha kushikilia na fimbo kwapani. Wanawake wakapisha. Hakuna aliyesema pole. 

Orpha akaiona meza, akasimama.  Kisha akaanzia mwanzo kabisa, akachukua biskuti moja kwa mkono wa kushoto, akaing'ata.

"Ya nani?"

"Yangu," mtu akajibu kwa sauti ndogo.

"Umeioka mpaka imekufa." Akairudisha, akasogea. "Hii?"

"Yangu, wifi," akasema Gizela, na sikuwahi kumsikia Gizela akiongea kama mtoto wa shule.

"Mchanga. Hii?"

"Hiyo yangu," nikasema.

Alitafuna kwa muda mrefu. "Bernadette," akasema, "we endelea na jemu."

Wachache wakacheka, wakaacha. Orpha akaendelea. Hii chumvi imezidi. Hii umeweka vanila au marashi? Hii si mbaya, nani huyu? Kisha hukumu zikaanza kupungua. Kufikia katikati ya meza alikuwa hasemi tena, anang'ata tu na kusogea, anang'ata na kusogea, hakuruka hata sinia moja. Chembe zilimwangukia kifuani na hakuzipangusa. Alipofika mwisho, penye ukuta, alibaki ametupa mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kiharusi kingine. Nikakimbia. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtoka macho yote mawili, hata upande ule uliokufa.

"Nilidhani mnazila kwa adabu," akasema.

Hakuna aliyeelewa.

"Biskuti zangu. Tangu harusi ya kwanza. Mlikuwa mnakula, hamsemi kitu. Mwaka huu, mwaka ule, hamsemi kitu. Nikajua wananionea huruma, mtoto wa milimani na pipi zake za dukani. Nikasema basi, mradi wananifungulia mlango."

 

"Adabu?" Gizela akasema. "Sisi? Wifi, lini umetuona na adabu mbele ya chakula? Unadhani sahani yako ilikuwa inaisha vipi kabla wageni hawajaketi? Mimi nilikuwa naiba! Mimi mwenye meza! Nilikuwa nazijaza kwenye aproni!"

"Mama yangu alikuwa anazificha kwenye mkoba," nikasema. "Mama, Orpha. Yule aliyesonya."

Zuzana alikuwa anavuta nguo za watu. "Anasema nini? Anasema nini?"

Gizela akainama sikioni kwake akapiga kelele: "Anasema alidhani hatuzipendi biskuti zake!"

Zuzana alimtazama Orpha kwa mshangao mkubwa, akatikisa kichwa. "Mpumbavu," akasema kwa upole kabisa.

Na Orpha akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, sauti ikapanda, fimbo ikaanguka, na hakuna aliyeiokota kwa sababu sote tulikuwa tunacheka na kulia na kupangusana makamasi kwa aproni. Niliitazama meza ile ya biskuti zilizopinda nikaona sijawahi kuona meza nzuri kuliko ile, na wageni wa Oregon wafikirie wapendavyo.

Kisha kengele ya kanisa ikalia juu yetu. Kicheko kikaisha. Sote tukamtazama Orpha na gauni lake la doa, nywele hazijachanwa, na mimi niliyemwahidi kumrudisha nikakosa ujasiri wa kuuliza nimrudishe wapi. Akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akautazama kidogo, akauacha.

"Gauni langu la kuvaa harusini lina vifungo mgongoni," akasema. "Kutoka shingoni mpaka huku chini. Sivifikii." Akatazama mmoja mmoja, uso umeiva, maneno yakimtoka kwa taabu. "Nani ana vidole?"

Ukumbi mzima ulinyanyua mikono. Hata Zuzana, ambaye hakulisikia swali, alinyanyua wa kwake kwa kuwa aliona wenzake wamenyanyua.